Spidi boti haikimbii au haitulii: tafuta chanzo kabla ya kununua mashine kubwa

Boti ninayoizungumzia ni ile ya faiba ya futi 20 hadi 28, yenye mashine moja au mbili zilizofungwa tezini, yaani nyuma ya boti: inayopeleka wageni Mnemba, inayovusha abiria kati ya Nyamisati na Kilindoni, au inayokimbia kati ya Mokowe na Lamu. Malalamiko ya manahodha wake yanafanana kila mahali. Haikimbii kama zamani. Inadunda. Inavuta upande mmoja. Na ushauri wa haraka unaotolewa ufukweni ni ule ule: funga mashine kubwa zaidi.

Mara nyingi ushauri huo ni hasara tupu. Kasi na utulivu wa boti hutokana na uzito na mahali ulipokaa, umbo la tumbo, propela, kimo cha mashine kwenye tezi na pembe yake. Nguvu za farasi zinafuata baada ya hayo. Boti iliyokosewa propela ukiifungia mashine kubwa, utachoma mafuta mengi zaidi na tatizo litabaki palepale.

Pima kwanza, hata kama una haraka

Bila namba utakuwa unabahatisha. Unahitaji GPS, hata ya simu, na geji ya mizunguko ya mashine inayosema kweli. Toka asubuhi bahari ikiwa shwari, ukiwa na mafuta na watu kama wa siku ya kazi. Fungua mashine hadi mwisho, trimu (pembe ya mguu wa mashine, unaoingizwa kuelekea tezi au kutolewa mbali nayo) ikiwa pazuri, usome kasi na mizunguko. Kisha geuka urudi njia ile ile usome tena, uchukue wastani wa safari mbili. Pwani yetu mkondo kwa kawaida huelekea kaskazini na huzidi nguvu wakati wa upepo wa kusi. Ukipima upande mmoja tu utajisifu kwa kasi ambayo ni ya bahari, si ya boti.

Andika pia namba zilizopigwa kwenye propela. Ukiona 13 x 17, ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajipenyeza kwenye kitu kigumu. Maji si kigumu, kwa hiyo propela huteleza. Kiasi cha mtelezo huo ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na hesabu yake ni nyepesi: zidisha mizunguko kwa dakika kwa pichi, gawa kwa uwiano wa gia (mashine inazunguka mara ngapi propela ikizunguka mara moja), kisha gawa kwa 1215. Unapata kasi ya nadharia kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa.

Chukua mashine inayozunguka 5500, uwiano wa gia 2.00, propela ya pichi 17. Hesabu inatoa noti 38 na nusu. Kama GPS inasema 32, mtelezo ni kama asilimia 17. Kwa boti nyepesi iliyopangwa vizuri, asilimia 10 hadi 15 ni kawaida. Boti nzito ya abiria inaweza kufika 20 na zaidi kidogo bila kuwa na ugonjwa. Ukiona 30, kuna kitu.

Baada ya hapo badilisha kitu kimoja tu, upime tena. Anayebadilisha propela na kupandisha mashine siku moja hajui lipi lililomsaidia.

Mashine haifiki mizunguko yake

Kitabu cha mashine kinataja mizunguko ambayo inapaswa kufika ikifunguliwa hadi mwisho. Kwa mashine nyingi za stroki nne ni kati ya 5000 na 6000. Za stroki mbili za kazi nyingi ni kati ya 4500 na 5500. Yako ikiishia 4400 ukiwa umefungua yote, inakabwa. Usiizoee hali hiyo. Mashine inayokabwa kila siku inaumia pistoni na beringi, hata kama inaonekana inafanya kazi.

Anza na yasiyogharimu kitu. Mtu akae tezini aangalie kama waya wa mafuta unafungua kabureta mpaka mwisho wakati wewe unasukuma mkono wa gesi. Waya uliolegea humwibia nahodha kasi kwa miezi bila yeye kujua. Kisha, boti ikiwa inakimbia, mtu abonyeze puto la mafuta, lile lililo kwenye mpira unaotoka tenkini. Kasi ikirudi, mafuta hayafiki vya kutosha: chujio limeziba, pampu imechoka au mpira unavuta hewa. Puto likinywea na kubaki bapa, tatizo liko kati yake na tenki, na mara nyingi ni tundu la hewa la kifuniko ambalo halikufunguliwa.

Mafuta yakiwa sawa, angalia uzito. Boti za faiba zenye povu lililojazwa chini ya sakafu hunywa maji kupitia matundu ya skrubu na nyufa ndogo, na povu likishalowa halikauki. Lita moja ya maji ya bahari ni zaidi kidogo ya kilo moja, kwa hiyo lita mia mbili zilizojificha ni sawa na abiria watatu wasiolipa nauli. Dalili yake ni boti kukaa chini kuliko alama ya zamani ya maji hata ikiwa tupu. Toboa tundu dogo sakafuni, sehemu ya chini kabisa, utaona kinachotoka, kisha lizibe vizuri. Angalia pia tumbo: mwani na magamba magumu yanayoota boti ikilala majini wiki chache yanatosha kukunyima noti kadhaa. Kwangua kabla ya kununua chochote.

Yote yakiwa safi, propela ina pichi kubwa mno. Kila inchi ya pichi unayoshusha huongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Mashine ikikosa mizunguko 600, shuka inchi tatu au nne. Lenga boti iliyosheheni ifike katikati ya kiwango cha kitabu, ili ikiwa tupu isizidi ukomo wa juu.

Wa maziwani wana jambo la ziada. Ziwa Victoria liko takriban mita 1134 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na mashine isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya mashine) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Boti iliyopangwa vizuri Dar es Salaam ikipelekwa Mwanza itaonekana mgonjwa, na fundi atafungua kabureta bure. Inahitaji propela ya pichi ndogo tu.

Mizunguko inapanda lakini boti haiendi

Hapa propela haishiki maji. Kama mashine inalia ghafla ukiongeza gesi huku boti ikibaki palepale, lakini ukienda polepole inasukuma vizuri, shuku mpira wa ndani ya propela. Mpira huo umewekwa ili uteleze propela ikigonga mwamba, gia zisivunjike. Ukishachoka huteleza wakati wote. Chora mstari kwa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi ganda la nje, toka mzunguko mmoja, rudi uangalie. Mistari ikiwa haikutani tena, umepata jibu.

Kama mpira ni mzima, basi ama propela inavuta hewa ama inachemsha maji. Watu huyachanganya mambo haya mawili, na dawa zake ni tofauti. Kuvuta hewa ni pale hewa ya juu au moshi wa mashine inaposhuka hadi kwenye mapanga: mashine imekaa juu mno, trimu imetolewa mno, au kuna kitu mbele ya propela kinachovuruga maji, kama kipande cha mkuku (uti wa chini wa boti) kilichoshuka mpaka tezini au kitambuzi cha kina cha maji kilichofungwa karibu na katikati. Kuchemsha maji hutokea bila hewa yoyote kutoka juu. Panga lenye ukingo uliopinda au kumeguka hushusha shinikizo kiasi cha maji kugeuka mvuke, na mapovu yake yakipasuka hula chuma. Utaona vidoa vyenye vishimo vishimo kwenye uso wa panga. Hiyo haitibiwi kwa kushusha mashine. Peleka propela ikanyooshwe.

Kimo cha mashine kinapimwa kwa lile bamba pana lililo juu ya propela. Weka rula ndefu chini ya tumbo, sambamba na mkuku, iendelee nyuma mpaka kwenye bamba. Kwa boti yenye tumbo la V na mashine moja, anza bamba likiwa usawa wa chini ya boti au juu yake kidogo, isizidi inchi moja. Matundu ya kufungia mashine yameachana milimita 19, kwa hiyo kila tundu ni hatua moja. Ukipandisha, mguu wa mashine unapunguza kuburuta na kasi inaongezeka. Ukizidisha, propela inakosa maji kwenye kona na tundu la kunyonya maji ya kupoza linatoka nje. Kila ukipandisha, angalia geji ya shinikizo la maji kama unayo. Yale maji yanayotoka ubavuni yanaonyesha tu kwamba pampu inazunguka. Hayathibitishi kwamba mashine inapoa inavyotakiwa ukiwa kasi ya juu.

Kabla ya hayo yote hakikisha mashine na tezi ni vya saizi moja. Mguu mfupi ni wa tezi yenye kimo cha inchi 15, mrefu ni wa inchi 20, mrefu zaidi ni wa 25. Mashine za mtumba hufungwa bila kupimwa, kisha watu wanatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo.

Inachelewa kupanda juu ya maji

Omo, yaani mbele ya boti, inaelekea mbinguni, nahodha haoni mbele, boti inavuta wimbi kubwa nyuma. Ingiza trimu yote ndani kabla ya kuondoka. Kwa mashine zisizo na umeme, rudisha chuma cha kutengea pembe tundu moja karibu na tezi. Kisha sogeza uzito mbele. Lita 200 za petroli ni kama kilo 150, na boti nyingi zina tenki, betri, nanga na mizigo vyote vimerundikwa nyuma, mashine nayo ikining'inia pale pale. Kuhamisha betri na nanga kunaleta tofauti utakayoihisi siku hiyo hiyo. Ikibaki nzito, pichi ni kubwa au propela ya mapanga manne inafaa zaidi kwa kazi yako. Ya mapanga manne hukunyima kasi kidogo ya juu, lakini huinua tezi na kuishikilia boti kwenye kasi ya chini. Kwa boti ya abiria mimi ningeichagua bila kusita.

Omo inadundadunda kwenye maji shwari

Tatizo hili nalipa uzito kwa sababu linaumiza migongo ya abiria, na wanahodha wengi wanalichukulia kama tabia ya boti. Maji ni laini kabisa lakini omo inapanda, inashuka, inapanda tena, kwa mwendo ule ule, na ukiongeza kasi inazidi.

Kisababishi cha kawaida ni trimu iliyotolewa mno. Ingiza kidogo kidogo mpaka itulie. Ikitulia, hapo ndipo mwisho wa trimu yako kwa mzigo ule. Kama inadunda hata trimu ikiwa ndani, uzito uko nyuma mno, au maji yamejaa kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti) na yanakimbia huku na huko. Mabamba ya trimu yanayofungwa pande mbili za tezi yanaweza kuituliza, lakini yanaburuta maji. Yatumie baada ya kupanga uzito, yasiwe mbadala wake.

Ikishindikana, kagua tumbo lenyewe. Pandisha boti, chukua rula iliyonyooka ya mita moja na nusu au mbili, iweke chini ya tumbo kutoka tezini kuelekea mbele, sambamba na mkuku, pande zote mbili. Sehemu hiyo ya nyuma inapaswa kunyooka kabisa. Rula ikigusa katikati na kuacha nafasi mwishoni, tumbo limebinuka, na hilo ndilo linalodundisha. Ikigusa mwanzo na mwisho na kuacha nafasi katikati, tumbo limebonyea: boti kama hiyo haidundi, ila inasukuma omo chini, inalowesha abiria na kupoteza kasi.

Kwetu sababu yake mara nyingi ni namna boti inavyolala. Maji ya bamvua yakitoka, boti inakaa juu ya mchanga usio sawa au juu ya magogo mawili, uzito wa mashine ukivuta tezi chini, siku nyingi mfululizo, na faiba iliyopashwa na jua inafuata umbo la ilipolazwa. Ukilaza kwenye magogo, moja liwe chini ya tezi kabisa, mengine yagawane uzito kwenye mkuku. Tumbo lililokwisha kubonyea hujazwa kwa faiba na kusuguliwa mpaka rula ikubali. Ni kazi ya siku chache kwa fundi anayejua, na ni rahisi mno kuliko mashine mpya.

Usukani unavuta, au boti inalala upande

Propela ya kawaida huzunguka kuelekea kulia ukiitazama kutoka nyuma, na huvuta usukani upande wa kulia. Chini ya bamba la mashine nyingi kuna kipande kidogo mfano wa pezi, ambacho watu hudhani ni zinki ya kuzuia kutu tu. Boti ikivuta kulia, legeza skrubu, sogeza ncha ya nyuma ya pezi hilo kulia kidogo, kaza, jaribu tena. Ikivuta kushoto, fanya kinyume. Likikosekana kabisa, usukani utavuta daima. Ukipandisha mashine sana pezi linatoka majini na kuacha kufanya kazi. Ndipo usukani wa haidroliki unapohitajika.

Kuhusu kulala: nguvu ya propela hiyo hiyo huibinua boti kuelekea kushoto, na ni moja ya sababu boti nyingi ndogo zina kiti cha nahodha upande wa kulia. Angalia pia upepo. Boti ya tumbo la V kali ikipigwa na upepo wa ubavuni huinamia upande upepo unakotoka, kwa sababu nahodha anashikilia usukani upande huo kila wakati. Hapo boti haina kasoro; shusha kidogo bamba la trimu la upande ulioinama.

Ya hatari ni ile ya kuyumba kulia na kushoto kwenye kasi kubwa, kila myumbo ukizidi uliotangulia. Wakati huo boti imebaki juu ya kipande kidogo cha tumbo karibu na tezi, na kila ulegevu wa usukani unaongeza myumbo. Usikate gesi ghafla. Punguza taratibu, ingiza trimu kidogo. Ukifika nchi kavu, mtu ashike usukani usisogee, wewe sukuma mguu wa mashine kulia na kushoto kwa mkono. Ukicheza, tafuta panapolegea: waya, bomba linaloupitisha, nati za mkono wa usukani au bushi za mashine. Usirudi kwenye kasi ile kabla ya kukaza. Na kamba ya kuzimia mashine ifungwe kwenye mwili wa nahodha, si kuning'inia kwenye swichi. Marekani iliifanya sheria kwa boti zilizo chini ya futi 26 kuanzia Aprili 2021. Sisi tuivae hata pasipo askari.

Inageuka yenyewe bahari ikiwa nyuma

Boti tulivu kwenye maji shwari inaweza kuwa nyingine kabisa kusi ikivuma, mawimbi yakikusukuma kutoka nyuma. Omo inachoma mgongo wa wimbi la mbele, inashika maji, tezi inataka kuipita, na boti inazunguka ubavu kwa wimbi. Chanzo ni uzito uliokaa mbele na trimu iliyoingizwa ndani, yaani mpangilio ule ule uliokusaidia kuondoka. Toa trimu omo inyanyuke, rudisha watu viti vya nyuma, inua mabamba ya trimu yote mawili, na punguza kasi usilipite wimbi lililo mbele yako. Ukikabili mawimbi kutoka mbele, geuza mpangilio: trimu ndani kiasi, ili ncha kali ya omo ikate wimbi badala ya tumbo kulipiga.

Boti iliyowekewa trimu ndani na kupelekwa kasi kubwa inaweza kugeuka ghafla hata pasipo wimbi, kwa sababu omo ndiyo inayoshika usukani. Abiria hutupwa nje namna hiyo. Ukiona usukani mzito na maji yakipasuka mbele badala ya katikati ya boti, toa trimu kabla ya kuongeza gesi.

Kama una mashine mbili

Propela zizunguke kinyume, moja kulia na nyingine kushoto, usukani usivute. Kwa kuwa kila mashine imefungwa pembeni mwa mkuku, ambako tumbo la V liko juu zaidi, kimo chake kipimwe kutoka tumbo lililo mbele yake, si kutoka mkuku. Ukipimia mkuku utazizamisha mno. Mashine zote mbili zikigawana mzigo, kila moja inaweza kubeba pichi kubwa kidogo kuliko ingekuwa peke yake. Kwa sababu hiyo hiyo, moja ikizimika njiani, iliyobaki itakabwa na haitaipandisha boti juu ya maji. Inua mguu wa ile iliyozimika, punguza gesi, urudi mwendo wa pole ukiwa na abiria wamekaa chini.